Mkusu Aliyekula Shaba

Jamani, niwieni radhi mapema, kabla sijaharibu. Ngano hii ina wenyewe wanaojua kuisimulia. Shangazi yangu Chisola alikuwa akiianza, mbuzi wanaacha kutafuna. Mimi nikiianza, mbuzi wanaondoka. Nimeibeba kichwani kutoka mbali, njiani nikajikwaa mara mbili, na sina hakika kama vipande vyote vimo. Mkiona mahali pana tundu, zibeni wenyewe. Mkiona mahali pana kipande cha ziada, hicho ni changu, na ndicho kibaya.

Haya, sogeeni motoni. Wewe uliyekalia kinu, shuka. Kinu si kiti.

Paukwa!

Pakawa!

Masikio mnayo?

Tunayo, mawili mawili!

Na midomo?

Tumeifunga, sema wewe!

Basi nasema. Hapo kale, kale ya mbali, wakati miti ilipokuwa bado inajibu ikisalimiwa, palikuwa na mlima ulioitwa Kansunka. Chini ya mlima kulikuwa na kijiji cha wayeyusha shaba. Juu ya mlima kulikuwa na miti. Watu wanachimba mawe ya kijani, miti inatazama. Watu wanaponda mawe ya kijani, miti inatazama. Watu wanavukuta mivukuto, moshi unapanda, miti inakohoa, halafu inatazama.

Mwenye mlima alikuwa Bibi Nsompa. Huyo bibi alivaa bangili za shaba kuanzia kifundo cha mkono mpaka kiwiko, mikono yote miwili. Akija, unamsikia kwanza, unamwona baadaye. Kazi yake ilikuwa kuutunza mlima usinune, maana mlima ukinuna hautoi shaba.

Na mkata miti ya makaa alikuwa Kalumba, mume wa binti yake. Bila makaa hakuna moto, na bila moto tanuri ni chungu kikubwa chenye majivuno. Kwa hiyo Kalumba alikuwa mtu. Ila mbele ya mama mkwe hakuwa mtu kabisa, kwa sababu ya desturi.

Desturi ya Kansunka ilikuwa hivi: mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hamwambii neno moja kwa moja. Akiwa na neno, anakiambia kitu kilicho katikati yao, na kitu hicho ndicho kinachodhaniwa kulifikisha. Kalumba akisikia harufu ya kuungua jikoni anasema, "Ewe chungu, mwambie mama unaungua." Na Bibi Nsompa anajibu, "Ewe chungu, mwambie mkwe wangu pua ninayo." Miaka kumi na miwili wameishi hivyo. Kalumba alimjua mama mkwe wake kwa kisogo, kwa kivuli na kwa mlio wa bangili.

Mnacheka. Nyie mnaotazamana usoni na wakwe zenu, mmepata faida gani?

Ilikuwepo na desturi ya pili, ya shoka. Kila mwaka, kiangazi kikiisha, siku ya kuwasha tanuri, Kalumba anapanda mlimani na shoka lake. Mti wenye jani hauguswi. Mti usio na jani unagongwa kwa kisogo cha shoka mara tatu. Ukikaa kimya, umekufa, ni makaa. Ukijibu, utoe sababu ya kuwa uchi, na mwenye mlima ndiye anayeikubali au kuikataa. Sheria fupi, na shoka lilikuwa refu.

Miti ya Kansunka ilikuwa mingi, lakini mitatu ndiyo iliyokuwa na maneno.

Wa kwanza Mvule. Mrefu! Mawingu yakitaka kupita yanaomba njia. Mvule akisema, wengine wanaumwa shingo kwa kumtazama.

Wa pili Mninga. Mzuri, mnyoofu, mwenye moyo mwekundu na roho ya kinyaa. Alikuwa haongei na mti wenye kupinda.

Wa tatu Mkusu. Huyo alikuwa amepinda. Tena alipinda huku, akajuta, akapinda kule. Majani yake mapana, magumu, kama masikio ya mtu asiyesikia. Mvule alikuwa akimwita "kichaka kilichozidisha". Mninga hakumwita kabisa.

Sasa, mwaka mmoja tanuri likatoa shaba nyingi. Kijiji kikashangilia. Bibi Nsompa akasimama katikati ya uwanja, bangili kwaa kwaa kwaa, akasema:

"Shaba imenilisha mimi! Shaba imenivika mimi! Shaba imeniozesha binti! Na mlima uliotupa shaba, sisi tumeupa nini? Mavumbi ya miguu! Leo mlima utakula kama tunavyokula sisi!"

Akachukua unga wa kijani uliobaki kwenye mawe ya kupondea. Akajaza kikapu cha kwanza, kikapu cha pili, kikapu cha tatu. Akapanda mlimani, akamwaga unga ule mashinani mwa miti, anaimba, anacheza, machozi ya furaha yanamtoka. Wallahi hakuwa na nia mbaya. Mtu ambaye shaba ndiyo maisha yake, utamwambiaje kwamba kuna kiumbe hakiitaki shaba?

Kalumba alikuwa nyuma yake, amegeukia upande mwingine kwa adabu. Aliona kitu. Aliona majani ya mche mdogo yamegeuka manjano pale unga ulipoanguka. Akakohoa. Akasema, "Ewe Mvule, mwambie mama mche huu mdogo haukuufurahia huu unga."

Bibi Nsompa akasema, "Ewe Mvule, mwambie mkwe wangu akate makaa, mambo ya mlima aniachie mimi."

Kalumba akameza neno. Mvule hakufikisha neno lolote, hakuwa mti wa kutumwa.

Mvua ikanyesha. Unga ukashuka ardhini, ukafika mizizini.

Huko chini, gizani, alikuwepo Uyoga. Msimdharau Uyoga. Kile mnachokila nyie na chumvi ni kofia yake tu. Mwenyewe anakaa chini, nyuzi nyuzi nyuzi, nyembamba kuliko unywele, anatambaa kila mahali, anajua habari za kila nyumba. Uyoga akausikia ule unga unakuja. Akauonja, akautema. Akakimbia kwa Mvule.

"Mzee Mvule! Shaba inakuja, nyingi! Chembe moja ni dawa, wote tunaihitaji, ila hii ni vikapu. Niruhusu nijizungushe kwenye mizizi yako. Nitakaa mlangoni niichuje. Wewe utanipa utamu kidogo wa majani yako."

Mvule akacheka, ndege watatu wakaanguka. "Mimi nilindwe na mtu aliyeota kwenye uozo? Tumbo langu halijawahi kukataa kitu. Niliyokunywa ni mito! Ondoka."

Uyoga akakimbia kwa Mninga.

"Bibie Mninga, shaba inakuja! Niruhusu nikae mlangoni."

Mninga akasema, "Usiniguse." Akafunga mizizi yake yote, kufuli juu ya kufuli. "Mimi hakiingii kitu. Si cha kijani, si cheupe, si chochote."

Uyoga akaenda kwa Mkusu.

"Dada Mkusu, shaba inakuja."

Mkusu akasema, "Karibu. Umekula?"

"Bado."

"Basi kaa. Utamu upo, si mwingi. Majani yangu ni magumu, hayatengenezi asali. Tutagawana huo huo. Na hiyo shaba tuipangie, maana mimi miguu ya kukimbia sina."

Wakapanga. Uyoga akajizungusha mizizi yote kama soksi. Shaba ikifika, Uyoga anaishika na kuibandika kwenye nyuzi zake. Inayomponyoka, Mkusu anaishika kwenye kuta za mizizi. Inayopenya kuta, Mkusu anaifunga kamba aliyoisokota mwenyewe kwa utomvu wake, kitita kitita, isije ikazurura mwilini ikavunja vyombo. Vile vitita anavipandisha juu taratibu na kuviweka ghalani kwenye majani, lakini si majani yoyote. Machanga hapana. Vitumba vya majani mapya hapana. Ni majani wazee, yaliyokwisha kula jua lao.

Na wakifanya kazi waliimba:

*Kinachonifaa kiingie,*
*kisichonifaa kikae mlangoni,*
*kilichopenya nakifunga kamba, nakitoa nje.*

Mwaka ukaisha. Siku ya tanuri ikafika. Kalumba akapanda na shoka lake, na Bibi Nsompa nyuma. Mvule hana jani hata moja. Alikuwa amekunywa kila kitu, na shaba ilikuwa imempanda mpaka kileleni. Kalumba akagonga. Ngo! Kimya. Ngo! Kimya. Ngo! Ukasikika mlio wa pipa tupu.

Mvule akaanguka. Mlima mzima ukaruka.

Bibi Nsompa akasikitika sana, akasema, "Maskini, amekufa kwa njaa. Vikapu vitatu havikumtosha mtu mrefu vile." Na mwaka huo akamwaga vikapu vitatu vingine, akavishindilia kwa mguu.

Kalumba akasema, "Ewe Mninga, mwambie mama huenda huu unga..."

"Ewe Mninga, mwambie mkwe wangu kuni hizo hazijakatwa!"

Kalumba akameza neno. Lilikuwa la pili, nalo neno lisilosemwa ni zito tumboni kuliko muhogo mbichi.

Mwaka wa pili ukawa wa Mninga. Shaba haikumwingia hata chembe, hilo nampa haki yake. Lakini na maji hayakumwingia. Wala chakula. Kila aliyegonga mlango kwake alikuta kufuli. Mvua inanyesha nje, yeye anakufa kiu ndani, anajisifu, "Mimi hakiingii kitu, hakiingii kitu, hakiingii..." Akakatikia hapo hapo.

Chini ya Mkusu kazi inaendelea. Uyoga amechoka, nyuzi zimekuwa za kijani. Mkusu amechoka, shina limepinda mara ya tatu. Wanaimba wakihema:

*Kinachonifaa kiingie,*
*kisichonifaa kikae mlangoni,*
*kilichopenya nakifunga kamba, nakitoa nje.*

Siku ya tanuri Kalumba akagonga Mninga. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Akamwangusha. Miti mingine iliyomwiga Mvule ikaanguka, na iliyomwiga Mninga ikaanguka. Mlima ukabaki na upara. Ukikaa kijijini ukatazama juu, unaona mgongo wa ardhi tu, na katikati yake kitu kimoja kilichopinda.

Bibi Nsompa akalia usiku kucha. Asubuhi akafuta machozi, akajaza vikapu vitatu. Hivyo vilikuwa vya saba, vya nane na vya tisa. Vyote tisa sasa vilikuwa vya mti mmoja.

"Kula, mwanangu," akamwambia Mkusu, anammwagia. "Wenzako wamekufa kwa njaa. Wewe kula."

Mmeona mambo? Mtu anauawa kwa mapenzi, na anaitwa mwanangu.

Mwaka wa tatu Mkusu alifanya kazi ambayo hata mimi nikiisimulia mgongo unauma. Usiku anafunga vitita. Mchana anapandisha vitita. Majani wazee yakajaa mpaka yakaelemea matawi. Na ilipobaki siku mbili tu kabla ya siku ya tanuri, Mkusu akasikia matawi yanapasuka. Ghala limejaa. Lazima atoe nje. Lazima ayaangushe majani yote.

Hapo ndipo Mchwa walipofika. Mnawajua Mchwa. Wanakuja na salamu nzuri na meno nyuma yake.

"Shemeji Mkusu," wakasema, "hujambo? Sisi hatuna haraka, tunapita tu. Tumesikia unataka kuangusha majani."

"Nataka."

"Siku mbili kabla ya shoka? Shemeji, una akili kweli? Mti usio na jani unagongwa. Yule bibi ameshaona miti mingapi uchi, na amesikiliza sababu ya nani? Subiri siku mbili. Yashikilie. Shoka likipita, angusha. Nani atajua?"

Mkusu akatazama vitumba vyake. Vilikuwa vimefumba bado, vyekundu, kama ngumi za mtoto mchanga. Havitafumbuka mpaka mvua ya kwanza. Akiangusha majani leo, atakuwa uchi keshokutwa.

Akamwuliza Uyoga, "Nikiyashikilia siku mbili?"

Uyoga alikuwa rafiki, hakupamba. "Kamba zimelegea, dada. Ukiyashikilia, vitita vitafunguka. Shaba itashuka kwenye tawi, itaingia kwenye vitumba. Shoka litakupita, ndiyo. Ila mwakani utakuwa kijani cha mtu aliyekwisha kufa, na hakuna kitumba kitakachofumbuka."

"Na nikiyaangusha?"

"Utakuwa mzima. Kwa siku mbili. Baada ya hapo ni shauri la shoka."

Mchwa wakasema, "Sisi yote mawili tunafurahia."

Mkusu akavitazama vitumba vyake mara nyingine. Halafu akajinyoosha. Huyo huyo aliyepinda mara tatu, akajinyoosha mpaka maungo yakalia kwaa! Akasema, "Mimi nimekula shaba miaka mitatu mlima mzima unakufa. Sitaificha kazi yangu kama mwizi anavyoficha kuku. Nitasimama uchi na niulizwe."

Akayaambia majani wazee, "Wanangu, mzigo ni huo."

Majani yakajibu, "Jua tumekula, mvua tumekunywa, tumefunika wadogo zetu. Tupe mzigo wote, usibakize."

Yakaanguka. Pwaa. Pwaa. Pwaa. Hayakuanguka kama majani, yalianguka kama vyungu. Na Mkusu akaimba peke yake, kwa sauti, kijiji kikasikia:

*Kinachonifaa kiingie,*
*kisichonifaa kikae mlangoni,*
*kilichopenya nakifunga kamba, nakitoa nje!*

Siku ya tanuri. Mivukuto imepangwa, wavukutaji wamenyolewa, makaa hakuna hata ya kuwashia kiko. Kalumba anapanda mlima. Bibi Nsompa anapanda nyuma yake, bangili hazilii kwaa kwaa kama zamani, zinalia taratibu kama kengele ya ng'ombe mgonjwa.

Wakafika. Mkusu uchi.

Kalumba akainua kisogo cha shoka. Akagonga mara moja. Ngo!

"Usigonge mara tatu," Mkusu akasema. "Mimi si kiziwi."

Kalumba akaruka, shoka likamdondokea mguuni. Angalau lilianguka kwa kisogo, vinginevyo ngano hii ingekuwa ya kiguru.

"Huna... huna jani," akasema, anashika kidole.

"Ninayo. Yako chini. Nimeyavua."

Bibi Nsompa aligeukia upande mwingine kwa desturi, akafoka, "Ewe Mkusu, mwambie mkwe wangu akate! Hii ndiyo shukrani? Nimekulisha vikapu tisa kwa mikono yangu, nimekuita mwanangu, nawe unanivulia nguo mbele ya mkwe!"

Mkusu akasema, "Mwenye mlima, sheria inasema mti ukijibu utoe sababu. Sababu yangu sitaisema. Maneno nyie mnayo mengi na hayafiki. Kalumba, okota majani yangu. Uyawashe."

Kalumba akakusanya majani, rundo la kufika magotini. Akatoa kijinga alichopanda nacho. Akapuliza. Moto ukashika.

Sasa nisikilizeni, nyie msiotoka kijiji cha shaba. Moto wa kuni ni mwekundu. Moto wa nyasi ni wa manjano. Lakini shaba ikiwa motoni, moto unakuwa wa kijani. Mtoto wa Kansunka anaujua moto wa kijani kabla hajajua jina la baba yake. Wakiuona kwenye mdomo wa tanuri, wanapiga vigelegele.

Yale majani yakawaka kijani.

Kijani kibichi! Miali mirefu, juu, juu, kama Mvule amefufuka kwa moto. Na kijijini chini waliokuwa wakitazama mlima wakapiga vigelegele, wakidhani tanuri limehamia juu.

Juu kule hakuna aliyepiga kigelegele. Bangili zilinyamaza. Kalumba alisimama mdomo wazi, na yale maneno mawili aliyoyameza yakaanza kumpanda kooni. Akageukia mti.

"Ewe Mkusu," akasema, "mwambie mama..."

"Mwambie mwenyewe," Mkusu akasema. "Nimebeba vikapu vyake tisa. Maneno yako sibebi. Kisichonifaa kikae mlangoni."

Hee! Kalumba akatazama kulia: hakuna mti. Akatazama kushoto: hakuna mti. Hakuna chungu, hakuna mbuzi. Mlima mtupu, na mama mkwe. Jasho linamtoka. Desturi ya mababu upande huu, moto wa kijani upande huu.

Akageuka. Akamtazama mama mkwe usoni.

"Mama! Ni unga! Unga wa shaba ndio uliowaua wote! Mvule aliunywa akafa. Mninga aliukimbia akafa kiu. Huyu mmoja ameukusanya chembe kwa chembe, akauweka kwenye majani, akautupa nje. Hakufa njaa mtu hapa, mama! Tulikuwa tunawalisha sumu, na mimi niliona tangu kikapu cha kwanza, na sikukuambia usoni!"

Naye Bibi Nsompa akageuka. Wakatazamana, mara ya kwanza kwa miaka kumi na mitano.

"Kumbe una masharubu," Bibi Nsompa akasema.

"Tangu ujana, mama."

"Binti yangu hakuniambia."

Halafu akakaa chini, kwenye majivu ya kijani. Akachota majivu, akayatazama. Mwanamke yule alikuwa na makosa yake, ila shaba alikuwa akiijua. Hakubisha.

"Mwanangu," akamwambia Mkusu, na safari hii hakufoka. "Nilikupa ninachokipenda mimi. Sikukuuliza wewe unapenda nini."

"Hukuuliza," Mkusu akasema.

"Nimewaua wangapi?"

"Uwahesabu mwenyewe, mwenye mlima. Mimi nimeshughulika na kuishi."

"Uliishi vipi, wewe mdogo, uliyepinda, wakubwa wakafa?"

Hapo Mkusu akasimama kama mfalme, uchi vile vile. Akasema:

"Mimi sikujidai tumbo langu ni la chuma. Sikujidai mlango wangu haufunguki. Nilimkaribisha aliyedharauliwa, tukagawana kidogo tulichokuwa nacho. Shaba ya kunifaa nilikula, nikashukuru. Ya ziada niliizuia. Iliyonishinda kuizuia niliifunga. Niliyoifunga niliitoa, hata kama kuitoa kulinivua nguo mbele ya shoka. Na mpindo huu mnaoucheka, wa tatu ni wa vikapu vyenu. Someni!"

Bibi Nsompa akainuka. Akachukua shoka pale lilipoanguka, akampa Kalumba mkononi, wanatazamana. "Teremka. Waambie tanuri halitawaka mwaka huu."

"Watu watanung'unika, mama."

"Wanung'unike kwangu. Na kuanzia leo unga wa kijani hautoki penye mawe ya kupondea, uchimbiwe shimo la mawe, ufunikwe. Na mti usio na jani usigongwe mpaka mvua moja imenyesha. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mbona unaniambia moja kwa moja?"

"Hakuna chungu, mama."

Bibi Nsompa akacheka. Walisema watu wa chini kwamba walisikia kitu kama radi. Na kweli siku ya tano ilikuja radi, na mvua. Vitumba vikafumbua ngumi. Majani mapya, mekundu, laini, hayana shaba hata chembe. Mchwa wakasema, "Shemeji, sisi tulikuwa tunapita tu," wakapita kweli.

Mbegu za Mkusu zikapandwa mlima mzima, na kila mbegu ikafukiwa pamoja na udongo wa mizizini kwake, ili Uyoga asiachwe. Mikusu ikaota pale ambapo hakuna mti mwingine uliothubutu. Ndiyo maana mvua za kwanza zikinyesha mnaokota uyoga chini ya mikusu. Ndiyo maana jani la mkusu ni gumu. Ndiyo maana Kansunka hawamwiti mtu aliyepinda mgongo kwa dhihaka, wanamwuliza kwanza alibeba nini. Na siku moja kila mwaka, wakwe wa Kansunka wanapanda mlimani, wanasimama chini ya mkusu, wanatazamana usoni, wanaambiana yote waliyoyameza. Halafu wanashuka, wanaanza tena kuongea na vyungu.

Ngano yangu nimeitua kichwani, naiweka chini hapa. Mwenye shingo imara aibebe aende nayo kwao, asijikwae nilipojikwaa.

Na mafunzo yake ni haya. Aliye na sumu karibu yake asijisifu kwa kuimeza yote, wala asijifungie mpaka na maji yamkose. Ajue ya kukaribisha, ajue ya kuzuia, na iliyopenya asione haya kuitoa. Na unayempenda, kabla hujamjazia kikapu, muulize.

Mimi mwenyewe ngano hii ilinigusa sana hata nikaenda nikapanda mkusu nyuma ya nyumba yangu. Nikajigamba kwa majirani wote: huu ndio mti usiokufa! Nikawakusanya, nikawasimulia miaka mitatu ya shaba, vikapu tisa, moto wa kijani, jioni baada ya jioni, kiangazi kizima. Umekufa. Na udongo wangu hauna shaba, nimeupima. Kwa kusimulia jinsi mkusu unavyovumilia kila kitu, nilisahau kuumwagilia maji.